Je, homa ya mafua aina B ni nyepesi kweli? Jibu kwa mama anayeuguza

“Daktari, mwanangu wa kiume wa miaka 8 alishikwa ghafla na homa kali, kikohozi, kuumwa kichwa na maumivu ya mwili mzima. Hospitalini alipimwa, tukaambiwa ana virusi vya mafua aina B na kwamba tusiwe na wasiwasi kwa kuwa aina hiyo ni nyepesi kuliko aina A. Siku ya nne homa ilishuka, tukashukuru, lakini kesho yake asubuhi aliamka analia kwamba miguu inamuuma upande wa nyuma, kwenye mashavu ya miguu, na tangu hapo anatembea kwa ncha za vidole au anakataa kabisa kutembea. Je, huu ni ugonjwa mwingine? Naweza kumpa aspirini iliyopo nyumbani? Mbona alikwisha kuugua mafua makali miezi mitatu iliyopita, na mwaka jana alichanjwa? Je, si afadhali apewe antibiotiki? Darasani kwao watoto wengi wanaumwa vivyo hivyo, na nyumbani nina mtoto mchanga wa miezi 4 ninayemnyonyesha, pamoja na mama mkwe wangu wa miaka 72 mwenye kisukari. Nifanye nini?”

Pole sana kwa kuuguza, mama, na ahsante kwa kueleza mambo kwa utaratibu, maana huo mfuatano ulioutaja, yaani homa kushuka kwanza na maumivu ya miguu kufuata, ndio unaonisaidia zaidi kukujibu. Nitaanza na yale yasiyoweza kusubiri, kisha nitarudi kwenye hilo mliloambiwa kuhusu wepesi wa aina B, kwa sababu sikubaliani nalo.

Aspirini usimpe, hata nusu kidonge, hata kama analia kwa maumivu. Mtoto au kijana anayeugua homa ya mafua, au aliyetoka kuiugua siku chache zilizopita, akipewa aspirini huingia katika hatari ya kupata sindromu ya Reye, ugonjwa ambao ni nadra sana lakini unaweza kuua. Ndani ya seli za ini kuna vijiumbo vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kuzalisha nishati. Katika sindromu hii vijiumbo hivyo huharibika kwa ghafla, mafuta hujazana kwenye ini, amonia ambayo ini lilipaswa kuisafisha hulimbikizana katika damu, na ubongo huvimba. Mtoto aliyekwisha kuonekana amepata nafuu huanza kutapika mfululizo, kisha husinzia kupita kiasi, huchanganyikiwa au hubadilika tabia, na mwisho anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Uhusiano huu umeonekana hasa baada ya tetekuwanga na baada ya homa ya mafua, na kati ya aina za mafua, aina B imetajwa sana. Marekani iliripoti wagonjwa 555 wa sindromu hii katika msimu wa 1979 hadi 1980. Baada ya wazazi kuonywa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na onyo hilo kuandikwa kwenye vifungashio vya dawa, idadi ilishuka hadi kutozidi wagonjwa wawili kwa mwaka kati ya 1994 na 1997. Ni mara chache katika tiba jambo dogo kama kuacha kidonge kimoja kuokoa watoto wengi kiasi hicho, nami ninasikitika kila ninapoona onyo hili limesahaulika kwa sababu tu ugonjwa wenyewe umekuwa adimu. Soma pia maandishi ya dawa za mchanganyiko za mafua na maumivu, kwa kuwa baadhi yake zina aspirini ndani yake, wakati mwingine kwa jina la asidi asetilisalisiliki. Mtoto pekee ambaye habari yake ni tofauti ni yule anayetumia aspirini kila siku kwa agizo la daktari, kwa mfano kwa ugonjwa wa moyo. Huyo asiachishwe kienyeji, bali daktari wake aarifiwe mara moja kwamba amepata mafua.

Kwa maumivu mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kuacha angalau saa nne kati ya dozi na dozi, na zisizidi dozi nne kwa siku nzima. Ibuprofeni nayo hufaa ikiwa anakunywa vizuri na anakojoa kama kawaida, lakini mtoto aliyepungukiwa na maji mwilini asipewe, kwa ajili ya figo zake.

Sasa miguu. Kwa maelezo yako, inaelekea mwanao amepata uvimbe wa muda wa misuli unaofuata mafua, hali ambayo madaktari wa watoto wanaifahamu vizuri na ambayo huonekana zaidi baada ya aina B kuliko baada ya aina A. Huwapata hasa watoto wa umri wa kwenda shule, na wavulana kuliko wasichana. Huja pale pale homa inapoisha, mara nyingi mtoto anapoamka asubuhi, na hushika mashavu ya miguu yote miwili. Misuli huuma ikiguswa na huuma zaidi kisigino kinaposhushwa chini, kwa sababu kufanya hivyo kunaivuta; ndiyo maana anatembea kwa ncha za vidole. Damu yake ikipimwa, kimeng’enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia huonekana kimepanda sana, nacho hurudi chini chenyewe. Hali hii huisha kwa siku chache, kwa kawaida ndani ya wiki moja, bila dawa yoyote zaidi ya mapumziko, maji ya kutosha na kituliza maumivu. Usimlazimishe kufanya mazoezi wala usimkande kwa nguvu.

Hata hivyo mimi sijamwona, na uchunguzi wa barua hauwezi kuchukua nafasi ya mkono wa daktari. Ningependa aonwe leo au kesho, mambo matatu yahakikishwe. La kwanza ni nguvu: mtoto mwenye hali niliyoieleza anakataa kutembea kwa maumivu, lakini akiwa amelala anaweza kusukuma na kuinua miguu, na goti lake huruka likigongwa; lakini ikiwa miguu imelegea kweli, au udhaifu unapanda kuelekea juu, huo ni ugonjwa wa neva unaohitaji kulazwa. La pili ni mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au ya soda nyeusi, misuli inavunjika kwa wingi na masalia yake yanaweza kuziba figo, hivyo mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. La tatu ni upande: maumivu ya mguu mmoja tu, yenye uvimbe, wekundu au homa inayorudi, hayatokani na mafua na yanaweza kuwa usaha kwenye mfupa au kiungo.

Nirudi sasa kwenye kauli kwamba aina B ni nyepesi. Herufi hizi hazipangi ukali; zinafuata mfuatano wa ugunduzi. Virusi vya mafua vya binadamu vya aina A vilitengwa maabara mwaka 1933, na vya aina B mwaka 1940. Tofauti kubwa iliyoipa aina A sifa ya kutisha ni kwamba huishi pia katika ndege, nguruwe na wanyama wengine, ikachanganya vinasaba vyake huko na kurudi kwa binadamu ikiwa na sura isiyojulikana kabisa na kinga zetu; hivyo ndivyo magonjwa ya dunia nzima ya 1918, 1957, 1968 na 2009 yalivyotokea. Aina B hukaa karibu wakati wote ndani ya binadamu, ingawa imewahi kupatikana kwa sili, na kwa hiyo haina hazina kubwa ya wanyama ya kuchota sura mpya. Hilo linaeleza kwa nini haijawahi kuenea dunia nzima kwa kishindo kama aina A. Haliwezi kamwe kutueleza ni kwa kiasi gani mtoto mmoja aliyelala kitandani ataugua.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, dalili za A na B haziwezi kutofautishwa kwa macho, na tafiti za watu wazima waliolazwa zimeonyesha kwamba uwezekano wa kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi au kufariki unakaribiana kwa aina zote mbili. Kwa watoto picha ni nzito zaidi: utafiti uliofanywa katika hospitali za watoto nchini Kanada ulionyesha kwamba miongoni mwa waliolazwa, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa wenye aina B kuliko wenye aina A. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mafua ya msimu, aina zote pamoja, husababisha ugonjwa mkali kwa watu kati ya milioni 3 na milioni 5 kila mwaka, na vifo kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya upumuaji. Aina B ina sehemu yake katika hesabu hiyo, na sehemu hiyo huwaelemea sana watoto na vijana. Sababu ni kwamba virusi hivi hubadilika polepole kuliko aina A, hivyo mtu mzima aliyekutana navyo mara kadhaa maishani hubaki na kumbukumbu ya kinga inayomsaidia, ilhali mtoto wa miaka minane huenda anakutana navyo kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo sababu darasa zima linaweza kupungua nusu huku walimu wengi wakiendelea na kazi, na ndiyo sababu katika nchi zenye baridi kali wimbi la aina B, ambalo mara nyingi huja nyuma ya lile la aina A, huonekana kwanza shuleni. Sehemu za tropiki hazina ratiba iliyonyooka namna hiyo. Virusi vinaweza kuzunguka mwaka mzima na kupanda zaidi ya mara moja.

Mpangilio huo wa mawimbi unajibu pia swali lako la kuugua mara mbili. Ikiwa yale mafua ya miezi mitatu iliyopita yalikuwa ya aina A, kinga aliyoipata huko haimsaidii sana dhidi ya aina B, kwa maana kingamwili hulenga protini zilizo juu ya ganda la kirusi, hasa ile ambayo kirusi hutumia kujishikiza kwenye seli za koo na mapafu, na protini hizo katika aina hizi mbili zimeachana mbali mno. Inawezekana vilevile kwamba ugonjwa wa kwanza haukuwa homa ya mafua (influenza) kabisa, kwa sababu kuna virusi vingi vinavyoleta kikohozi na homa.

Kuhusu chanjo, haikuwa bure, lakini haina ahadi ya kumkinga mtu asilimia mia. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kwenda kwa daktari kwa sababu ya mafua kwa takriban asilimia 40 hadi 60, na hata anayeugua baada ya kuchanjwa ana nafasi ndogo zaidi ya kuzidiwa. Kingamwili zake hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo dozi ya mwaka jana haipaswi kutegemewa mwaka huu. Tena, mtoto chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizoachana angalau wiki nne; wazazi wengi huishia kwenye ya kwanza bila kuambiwa, na ningependa uangalie kadi yake. Virusi navyo havikai mahali pamoja: kila vinapojinakili hukosea hapa na pale, na makosa hayo yakikusanyika hubadilisha vazi ambalo kinga ililizoea. Ndiyo maana wataalamu wanaoitishwa na Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua virusi vya kuwekwa katika chanjo za kaskazini na kusini mwa dunia.

Hapa kuna habari moja ambayo haijawafikia watu wengi. Kwa miongo kadhaa aina B ilikuwa na koo mbili, yaani matawi mawili ya virusi, Victoria na Yamagata, na zilipokuwa zikipokezana, mara nyingine chanjo iliyobeba ukoo mmoja ilikuta ule mwingine ndio unaozunguka; kwa sababu hiyo zilitengenezwa chanjo zenye virusi vinne. Tangu Machi 2020 ukoo wa Yamagata haujathibitishwa kuzunguka tena popote, yumkini kwa sababu ulikuwa umekwisha kupungua ndipo hatua za kujikinga na UVIKO-19 zikakata minyororo yake ya mwisho. Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri uondolewe kwenye chanjo. Kwa hiyo ukisikia kwamba chanjo ya sasa ina virusi vitatu badala ya vinne, usidhani umepewa pungufu. Kilichoondolewa ni kinga ya kirusi ambacho hakionekani tena kikizunguka, na kinga ya Victoria, ukoo uliobaki, imo.

Antibiotiki huua bakteria, na haina inapomgusa kirusi. Kumpa mwanao sasa kutamletea kuharisha pengine, na kutawazoesha bakteria wa mwilini mwake kustahimili dawa ambayo siku nyingine ataihitaji kwa dhati. Lakini hofu yako ina msingi wake, kwa kuwa mafua hukwangua utando wa njia ya hewa pamoja na vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje, na bakteria waliokuwa wametulia puani au kooni hupata njia ya kushuka mapafuni. Nimonia ya namna hiyo huwa na alama yake: mgonjwa hupata nafuu kwa siku mbili tatu, kisha homa hurudi kwa nguvu na kikohozi kikazidi. Hapo ndipo antibiotiki inapoweza kuokoa maisha, na uamuzi huo hutolewa na aliyemsikiliza kifua. Mpeleke pia bila kuchelewa akipumua haraka au mbavu zikizama ndani anapovuta pumzi, midomo ikigeuka rangi, akishindwa kunywa, akikaa saa nane bila kukojoa, akipata degedege, au akiwa mgumu kuamshwa. Na ikiwa mnaishi au mmesafiri mahali penye malaria, homa ikirudi apimwe malaria, kwani jibu la kipimo cha mafua halizuii ugonjwa wa pili kuwapo.

Ziko dawa zinazolenga virusi vyenyewe, nazo ni tofauti na antibiotiki. Oseltamiviri huzuia virusi vipya kujitoa kwenye seli iliyovizalisha, na faida yake ni kubwa ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza. Dhidi ya aina B hufanya kazi, ingawa homa imeonekana kuchelewa kushuka kidogo kuliko inavyokuwa kwa aina A. Dawa mpya zaidi, baloksaviri, ilipolinganishwa na oseltamiviri kwa wagonjwa wenye hatari kubwa waliokuwa na aina B, ilifupisha dalili kwa takriban siku moja zaidi, lakini si dawa ya mama anayenyonyesha. Kwa mwanao, ambaye homa imeshuka na siku tano zimepita, sioni haja ya yoyote kati ya hizo, mradi daktari asikute tatizo. Hesabu ni tofauti kabisa kwa wale wawili wengine nyumbani.

Mtoto mchanga hawezi kuchanjwa kabla ya kufikisha miezi 6, kwa hiyo kinga yake ni nyinyi mnaomzunguka. Endelea kumnyonyesha, hata ukiugua wewe mwenyewe. Kirusi hiki hakipiti kwenye maziwa, ila hupita kwenye pumzi na mikono yako, hivyo nawa kwa sabuni na uvae barakoa unapomshika. Kaka yake alale chumba kingine kama inawezekana, madirisha yafunguliwe, na wasichangie kikombe wala taulo. Mtu mzima huambukiza kuanzia siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baadaye, na watoto huweza kuzidisha hapo; shuleni asirudi mpaka apite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, na miguu imruhusu. Mtoto mchanga akipata homa, akikataa titi au akipumua kwa shida, aonwe siku hiyo hiyo. Kwa umri wake oseltamiviri inaweza kutumika, kwa kipimo kinachopangwa na daktari kulingana na uzito.

Mama mkwe wako ndiye ninayemwazia zaidi, kwa kuwa umri na kisukari vikikutana humweka kwenye kundi la wanaolazwa. Achanjwe sasa ikiwa hajachanjwa mwaka huu, ingawa kinga itachukua kama wiki mbili kujengeka na haitamlinda dhidi ya maambukizi ya leo. Ulizieni pia chanjo ya nimokoko, ambayo hukinga aina kuu ya nimonia inayofuata mafua. Kwa siku hizi chache zilizobaki asikae chumba kimoja na mjukuu wake, na mpigieni daktari wake leo kumuuliza kama anaona vema apewe oseltamiviri ya kinga kwa kuwa amekwisha kukaa karibu na mgonjwa. Maambukizi hupandisha sukari, kwa hiyo aipime mara nyingi kuliko kawaida. Kumbuka kwamba mzee anaweza kuwa na mafua bila homa ya kutajika, akaonyesha tu uchovu mwingi, kukosa hamu ya kula au kuchanganyikiwa. Mkiona lolote kati ya hayo, mpelekeni siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama atazidi, na mwambieni daktari wazi kwamba nyumbani kuna mtoto aliyethibitishwa kuwa na mafua aina B, ili dawa ianzwe hata kabla ya majibu ya maabara kutoka.